Mgeni wa Bendera Apokelewe na Kijiji
Barua ya wazi kwa Serikali ya Jimbo la Tanganyika

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Tanganyika, Kalemie. Kwa waziri wa jimbo anayeshughulikia utalii. Kwa Ofisi ya Taifa ya Utalii na kwa ICCN, taasisi ya hifadhi. Nakala kwa machifu, wazee na akina mama wa soko la Bendera.

Mheshimiwa Gavana, pamoja nanyi nyote niliowataja,

Naandika kutoka Ujiji, ng'ambo ya ziwa, katika mtaa ambao wakazi wake mpaka leo huitwa Wamanyema kwa sababu babu zao walitoka huko kwenu. Wapo waliovuka wakiwa wapagazi wa misafara ya pembe, na wapo waliovuka na minyororo shingoni. Kwa hiyo msinihesabu mtalii anayetoa ushauri, wala msinihesabu raia wenu. Nihesabuni mjukuu aliyeingia barazani kusema neno lake, akimaliza arudi kwake.

Neno lenyewe ni la Bendera, kaskazini ya Kalemie. Hotuba za utalii nimezisikia nyingi pande zote mbili za ziwa, na karibu zote huanza na hoteli, zikaendelea na kiwanja cha ndege, zikamalizia na "wawekezaji". Ombi langu ni kwamba siku mtakapoanza kuipangia Bendera, muanzie mahali pengine kabisa. Toeni andiko la jimbo linalosema hivi: mgeni anayekwenda kule atalala kijijini, ataongozwa na watu wa kijiji, na fedha yake itapokelewa hapohapo kijijini kwa stakabadhi moja. Mengine yafuate baadaye, na mengine yasipofuata kabisa hakuna atakayelia.

Najua kuna atakayecheka akisoma neno "utalii" na neno "Bendera" katika sentensi moja. Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23, Februari ikawa Bukavu, Desemba ikawa Uvira. Barabara ya taifa namba 5 inayotoka Uvira kupita Fizi hadi Kalemie ndiyo inayokatiza Bendera, na kila vita vinapopamba moto kaskazini watu hushuka na barabara hiyo wakiwa na magodoro kichwani. Kabla ya hapo, hasa kuanzia 2016, jimbo lenu lenyewe liliungua kwa mapigano ya Batwa na Waluba. Simwiti mtu apande boti kesho na kamera shingoni. Nasema tu kwamba sheria za nyumba huwekwa kabla wageni hawajajaa sebuleni. Amani ikirudi, lami nayo ikafika, atakuja mtu na ramani yake mkononi, na atakuwa amekwisha kuongea na Kinshasa. Wakati huo mama wa Bendera mwenye chumba kimoja cha kulaza wageni hatakuwa na la kusema.

Tena wageni Bendera haijawahi kuwakosa. Kutoka Kalemie ni kilomita kama 120 kwenda kaskazini, na masika ikishika, kilomita hizo zinaweza kula siku. Lori la saruji likizama, kila aliye juu yake hushuka: dereva, wasaidizi wake, wafanyabiashara wa maharage, mama mwenye magunia ya dagaa wakavu, mwanafunzi anayerudi kwao, askari aliyeomba kubebwa. Usiku ukiingia, watu hao hulala kijiji kilicho karibu. Watapikiwa bukari wa muhogo na sombe iliyoungwa kwa mawese, watapewa mkeka, na asubuhi watalipa kidogo au wataacha kitu: sabuni, chumvi, kilo ya mchele. Hakuna aliyesomea ukarimu huo chuoni. Ni mpango kamili wa kupokea wageni, una bei zake, una adabu zake, una watu wanaojulikana kwa usafi na watu wanaojulikana kwa kunguni. Huko Ulaya siku hizi wapo wanaolipa fedha nyingi ili wasafiri polepole namna hii, wale wanachokula wenyeji, walale wanapolala wenyeji. Nawaombea wapone haraka hayo waliyoyakimbia, lakini kwa Bendera habari yao si kubwa. Habari kubwa ni kwamba kazi inayotakiwa kule inafanywa tayari, na inafanywa na wanawake, bila cheti wala kibao mlangoni.

Ndiyo maana nasema mgeni wa kwanza wa kufikiriwa awe mtu wa ziwa hili. Mwalimu wa Kalemie aliyemaliza mwaka wa shule, kijana wa Lubumbashi ambaye hajawahi kuuona mlima wa Kabobo, mjukuu wa Kimanyema kutoka Kigoma, mfanyabiashara wa Moba anayetaka kujua mpunga wa kaskazini unalimwaje. Tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na watu wa namna hii wanaelewana na mwenyeji kwa Kiswahili bila mkalimani. Kama njia ikiwa nzuri kwao, Mbelgiji na Mjapani watapita humohumo. Ikijengwa kwa ajili ya Mjapani kwanza, mwalimu wa Kalemie hataona mlango.

Sasa niseme wageni wenyewe watakwenda kutazama nini, maana hapo ndipo ninapoona hatari.

Jina la Bendera limo katika vitabu vya dunia kwa sababu ya siku moja, tarehe 29 Juni 1965. Che Guevara alikuwa amevuka kutoka Kigoma Aprili ya mwaka huo, akashukia Kibamba upande wa Fizi, pamoja na Wakyuba waliotumia majina ya hesabu za Kiswahili. Kamanda wao Mkyuba mweusi, Víctor Dreke, alikuwa Moja. Che mwenyewe alikuwa Tatu. Kiongozi wa waasi, Laurent-Désiré Kabila, aliyekuwa mbali na medani, alituma amri kwamba washambulie kambi ya jeshi iliyolinda kituo cha umeme cha Bendera kwenye mto Kiymbi, kambi iliyoitwa Front de Force. Che aliona ni shabaha kubwa mno kwa watu waliokuwapo, akapendekeza Katenga iliyokuwa ndogo zaidi. Hakusikilizwa, wala hakuruhusiwa kwenda mwenyewe. Dreke akaenda na Wakyuba kama 40, pamoja na wapiganaji wa Kinyarwanda waliokuwa uhamishoni na Wakongo wachache. Shambulio likavunjika. Wengi walikimbia mapema, na waliokuwa wamechanjwa dawa ya kuzuia risasi walirudi wakimlaumu mganga. Wakyuba 4 waliuawa, na kwenye maiti mojawapo yakakutwa maandishi yaliyomthibitishia Mike Hoare na mamluki wake waliopigania serikali kwamba Kyuba imo vitani. Novemba Che alirudi Kigoma kwa boti, ameshindwa.

Simulizi hii itauzika, Mheshimiwa, wala msiwe na shaka. Kwingineko katika dunia, kule Bolivia alikouawa mwaka 1967, njia aliyopita imekuwa njia ya watalii, kuna makumbusho na sanamu, na kofia zinauzwa. Mtu atakuja Bendera na fikra hiyohiyo. Atataka sanamu ya mtu ambaye siku ya vita hakuwapo! Nami naogopa jinsi itakavyosimuliwa. Majina ya Wakyuba waliokufa pale yameandikwa, wanakumbukwa kwao. Wanyarwanda waliokufa pamoja nao walikuwa wengi zaidi, na hakuna anayewataja. Wakazi wa Bendera wa mwaka 1965, walioishi kati ya kambi ya serikali na waasi wa mlimani, hawamo katika vitabu hivyo hata kwa mstari. Nani alitoroka na watoto usiku ule, shamba la nani liligeuzwa njia ya askari, nani alibebeshwa risasi kwa lazima? Hayo wanayajua wazee waliosalia na watoto waliosimuliwa na wazee wao. Kama kuna kitu kimoja Bendera inacho ambacho hakuna kampuni ya Nairobi wala Bruxelles inayoweza kukileta kwa ndege, ni simulizi hiyo, na wanaoishika wanazeeka. Walimu wa shule za pale wapewe kinasa sauti na posho ndogo waanze sasa, kabla hata ya mtalii wa kwanza. Kazi hiyo haisubiri amani kamili. Na simulizi zikishakusanywa zibaki ni mali ya kijiji, asikilizaye alipe, anayetaka kuchapa aombe.

Kituo chenyewe cha umeme kipo bado. Wabelgiji walikijenga miaka ya 1950, mitambo miwili yenye jumla ya megawati 17 hivi, na nyaya zake zinashuka kusini hadi Kalemie. Ni mahali pa ulinzi na mgeni haruhusiwi kuelekeza kamera pale apendavyo, jambo ambalo nalielewa. Nisilolielewa ni kumleta mtu kutoka mbali aje astaajabie maporomoko yanayozalisha umeme huku akila chakula kwa mwanga wa tochi ya simu. Katika nchi yenu ni kama mtu mmoja kati ya watano mwenye umeme, na vijijini ni wachache mno. Kabla ya kulipeleka jenereta la hoteli Bendera, SNEL, shirika la umeme, iulizwe ni nyumba ngapi za wanaopokea wageni zinaweza kufungiwa waya.

Niruhusuni nitoke kidogo niende kusini, Mpala, kwa sababu wasiwasi wa watu wa jimbo lenu juu ya wasafiri una asili yake. Mwaka 1883 alifika pale afisa wa Kibelgiji, Émile Storms, akajenga kituo. Desemba 1884 watu wake walimshambulia chifu Lusinga wa Marungu, wakamuua, wakamkata kichwa. Fuvu likapelekwa Ubelgiji pamoja na sanamu za mababu zilizochukuliwa kwenye vijiji, na hadi miaka ya karibuni fuvu hilo limekuwa katika taasisi ya sayansi ya viumbe ya Bruxelles, huku sanamu zikitazamwa na watalii katika makumbusho ya Tervuren. Mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa kwenye bustani ya Ixelles. Naye Storms alifika kama msafiri. Kwa hiyo mzee wa kijiji akimuuliza mgeni, "Umekuja kuchukua nini?", asionekane mshamba. Anauliza swali ambalo mababu zake walichelewa kuuliza.

Na mlima je? Juu ya Bendera, kati ya barabara na ziwa, umesimama mlima wa Kabobo, kutoka usawa wa maji ulio kama mita 770 hadi kilele cha mita 2,700 na ushei. Kwa miaka mingi baada ya uhuru wanasayansi hawakuweza kuingia msitu huo kwa sababu ya vita. Walipoingia mwaka 2007 walitoka na viumbe wa aina 6 ambao hawakuwahi kuwaona popote: popo, panya, virukanjia wawili na vyura wawili. Mle wamo sokwe mtu, yumo mbega mweusi mwenye mkia mweupe ambaye hapatikani mlima mwingine, na yumo ndege mdogo ambaye wanasayansi wamempa jina la mlima wenyewe, Apalis kaboboensis. Desemba 2016 gavana wa wakati huo alitia saini hifadhi ya Kabobo, kilomita za mraba karibu 1,500. Jambo la kusifiwa, nalo nalisifu hadharani, ni kwamba mipaka ilizungumzwa na vijiji kwanza, na Batwa wakawekewa nafasi katika usimamizi wake. Katika historia ya hifadhi za Kongo si jambo dogo. Kahuzi-Biega ilipopanuliwa mwaka 1975 maelfu ya Batwa walitolewa msituni bila fidia, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba serikali ya Kongo ilikiuka haki zao. Miaka 49 baadaye.

Sisi wa upande wa mashariki hatuna cha kuwasimanga. Mlima wa Mahale uko kwetu, nao unatazamana na milima yenu. Sokwe wa Mahale walianza kuchunguzwa na Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto mwaka 1965, mwaka uleule wa vita vya Bendera, na mwaka 1985 ikawa hifadhi ya taifa. Msitu ni mzuri, sokwe wanaonekana kwa karibu, na wageni hutua kwa ndege ndogo, wakavushwa kwa boti hadi kwenye kambi za mahema ya bei ambayo mvuvi haipati kwa mwaka. Watongwe walioishi mlimani humo waliondolewa. Majina ya mabonde ni yao, mizimu ya mlima ni yao, lakini mgeni anaweza kukaa Mahale wiki nzima asilale usiku hata mmoja katika nyumba ya Mtongwe. Ukiwa Ujiji huoni dalili kwamba fedha hiyo ilipita ziwani. Nawaambia kama jirani aliyetangulia: mlango huo tumeupita sisi, ulitufikisha huko.

Kwa hiyo Kabobo msiwe na haraka ya kuwazoesha sokwe watu. Kuwazoesha ni kazi ya miaka, na sokwe aliyezoea mgeni amezoea pia mwindaji, tena huambukizwa mafua ya binadamu akafa. Njia ya miguu ya siku mbili au tatu kutoka kijiji hadi kijiji kwenye miteremko ya chini, pamoja na Mtwa anayejua mti gani unatoa dawa ya homa na nyuki wanajenga wapi, inatosha kumshughulisha mtu mwenye akili. Asipowaona sokwe, atawasikia.

Hapo kwa Batwa nitulie kidogo. Sheria yenu namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 imewatambua kuwa watu wa asili na kulinda haki zao, ardhi ikiwemo. Ni sheria nzuri katika karatasi. Utalii una njia yake ya kuiharibu, nayo inajulikana kutoka Uganda na Rwanda: Mtwa huvalishwa ngozi, huambiwa acheze ngoma saa nne asubuhi, mgeni hupiga picha, mwenye gari hulipwa, Mtwa huachiwa bia. Katika andiko la jimbo wekeni kwamba Batwa wa Kabobo watapokea wageni wakitaka, kwa kazi wanayoichagua wenyewe, na malipo yatoke kwa mgeni hadi mkononi mwao bila kupita kwa chifu wa Kibantu wala kwa dereva. Najua sentensi hiyo itawaudhi baadhi ya machifu wanaosoma nakala ya barua hii. Waniwie radhi, lakini siifuti.

Sasa fedha. Msafiri yeyote wa mashariki ya Kongo anajua bariere. Kamba imefungwa barabarani, kijana amekaa kivulini, kuna karatasi ya uhamiaji, ya afya, ya usalama, ya barabara, ya mazingira, na kuna ile isiyo na karatasi. Mama wa dagaa hulipa, mwendesha pikipiki hulipa, na mgeni wa ng'ambo hulipa mara nyingi zaidi kwa sababu anaonekana kuwa nazo. Misafara ya babu zetu nayo ililipa ushuru kwa kila mtemi, lakini mtemi alipolipwa alitoa mtu wa kuwasindikiza hadi mpaka wake. Bariere ya leo haimsindikizi mtu! Fedha ikishakatwa vipande kumi njiani, inayofika Bendera ni ya sahani ya bukari. Hakuna kozi ya ukarimu, hakuna bango wala filamu ya matangazo itakayolitibu hilo. Ni ofisi yako peke yake, Mheshimiwa, inayoweza kuamuru kwamba msafiri wa Kalemie hadi Bendera anakata karatasi moja, ina bei iliyochapwa, inatambuliwa kila kamba, na sehemu yake inayojulikana inabaki kwenye daftari la kijiji. Anzeni na barabara hiyo moja. Mkiishinda hiyo mtakuwa mmefanya kazi ambayo haijafanywa na wizara nzima.

Mifano ya kugawana ipo. Uganda, tangu sheria ya wanyamapori ya mwaka 1996, hurudisha asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi kwa serikali za mitaa zinazopakana nayo. Ni afadhali kuliko hakuna, ingawa kilio cha vijiji vya Bwindi ni kwamba fedha huchelewa ofisini na humfikia mwenye shamba lililoliwa na nyani ikiwa kama nauli. Tanzania ilichukua njia nyingine katikati ya miaka ya 1990, Bodi ya Utalii ikisaidiwa na SNV ya Uholanzi: vijiji kama Longido na Mto wa Mbu vikaanza kutembeza wageni vyenyewe, sehemu ya malipo ikienda kwenye mfuko wa shule, zahanati au bwawa. Miradi mingine ikafa, mingine ikawa ya mtu mmoja mwenye simu nzuri. Kati ya njia hizo mbili naipenda ya pili pamoja na dosari zake, kwa sababu ndani yake kijiji kinaona fedha siku ileile inapoingia, na aliyeila anajulikana nyumbani kwake.

Ninyi, zaidi ya hayo, mna chombo kingine mkononi. Amri ya serikali namba 14/018 ya Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba ikabidhiwe msitu wake wa asili kwa kibali cha kudumu, hadi hekta 50,000, bila kuununua. Vijiji vingi havijui utaratibu wake, na vinavyoujua huogopa safari za kufuatilia makaratasi. Wakala mmoja wa jimbo akikaa Bendera kwa msimu mmoja wa kiangazi, akawasaidia kuchora ramani na kuandika majina ya wazee, mtakuwa mmewapa kitu kizito kuliko hoteli ya vyumba 40. Anayekuja na mtaji baadaye atawakuta wana hati. Atakaa mkekani kama mgeni mwingine, aeleze alichokuja nacho.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wenye hoteli hawaipendi methali hiyo. Mimi naona ni mpango wa safari uliokamilika kuliko vitabu vya mikutano. Siku ya kwanza mgeni ni wa kupumzishwa, maana barabara imemchakaza. Siku ya pili atembezwe: soko, mto, kanisa, msikiti kama upo, kwa wazee. Siku ya tatu aende shambani na mwenye nyumba wake, apalilie mihogo, achote maji, aunguze kiganja kwa kusonga bukari. Wengi wa wageni wa siku hizi watalipa kwa ajili ya siku hiyo ya tatu, na ndiyo siku ambayo mwenyeji naye atapumzika kumhudumia. Kwa hiyo ruhusa yenu isiwe ya kwenda na kurudi siku moja. Anayetaka kuipiga Bendera picha kwa saa mbili kisha arudi Kalemie kula samaki, alipe zaidi ya anayelala. Na masika barabara ifungwe kwa wageni wa matembezi, iachiwe malori na wagonjwa. Kuanzia Oktoba hadi Aprili kijiji kina kazi ya kulima, hakina haja ya kuvuta gari la mtu aliyekuja kuona ndege.

Naona nitaulizwa: je, kijiji kikishindwa? Vitashindwa vingine. Kuna familia itakayompa mgeni maji yasiyochemshwa, kuna kijana atakayejiita kiongozi na hajui njia, kuna kamati itakayokula fedha ya zahanati. Ofisi nazo hushindwa, na zikishindwa hukaa mbali mno na anayeumia. Wekeni muuguzi wa kituo cha afya akague nyumba zinazolaza wageni, wekeni daftari la wazi sokoni, na mwenye kuiba asomwe jina siku ya gulio. Dawa hiyo mimi nimeikuta inafanya kazi kuliko barua tatu za wizara.

Kwa wazee na akina mama wa Bendera nina maneno machache. Msingoje andiko la Kalemie ili kukubaliana bei ya chumba, ya chakula na ya kuongoza mtu mlimani. Kubalianeni sasa, wakati wanaolala kwenu ni madereva na wakimbizi, na mkimbizi asitozwe. Mahali pa makaburi na pa mizimu ambapo mgeni asifike, pawekeeni alama nyinyi wenyewe. Na mtu akija na karatasi ya Kifaransa ya kutia dole gumba, mwambieni airudie akiwa na Kiswahili chake.

Mheshimiwa, kikao cha bajeti cha Bunge la Jimbo ndicho mahali pa kuanzia. Gharama za ninachoomba ni ndogo: karatasi moja ya msafiri, mshahara wa wakala mmoja kwa kiangazi kimoja, vinasa sauti kwa walimu, mafuta ya pikipiki ya muuguzi. Rasimu ya andiko ikiwa tayari, naomba isomwe kwa sauti sokoni Bendera siku ya gulio, watu waikosoe, kisha ndiyo irudi Kalemie kutiwa saini. Mkinipa habari ya siku yenyewe, nitavuka.

Wasalaam,
Mjukuu wenu wa Ujiji